Pikipiki Iliyonyamazishwa

Zahanati ya Misheni,
Busawe.
4 Machi 1956

Kwa rika yangu Simioni, fundi wa pikipiki, Bomani, Tarime.

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Huku mvua zimeanza na mtama umesimama vizuri. Ghati amekwenda kwao Ringwani kujifungulia kwa mama yake, kwa hiyo nimebaki peke yangu na ninapika mwenyewe. Usiulize ninapika nini.

Ninakuandikia kwa sababu ya pikipiki, ile iliyokuwa ya jeshi uliyomchagulia mchungaji ili mimi dresa wake nizungukie wagonjwa. Inanitia aibu. Njiani inakwenda vizuri, sina neno. Lakini nikipunguza mwendo tu na kukamata mkono wa klachi, inaanza kupiga kelele kama debe lililotiwa kokoto. Jumapili iliyopita nilichelewa kanisani nikafika mchungaji yuko katikati ya maombi. Alinyamaza. Kanisa zima likanyamaza likiningoja nizime. Wanawake wa hapa sasa wananiita Dresa Debe. Juzi nilikwenda kumfunga kidonda bibi mmoja, nikakuta amejificha nyuma ya ghala, akidhani ni serikali imekuja kuhesabu ng'ombe.

Mimi ni mtu wa kuheshimiwa, Simioni. Ninavaa koti jeupe. Nataka iwe kimya. Nimefikiri kuimiminia mafuta humo ndani ya klachi, maana vitu vikavu vikigongana vinahitaji mafuta, lakini nimeogopa kufanya bila kukuuliza. Nijibu upesi.

Rika yako,
Joram Waitara


Bomani, Tarime.
13 Machi 1956

Dresa Debe,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza peke yangu, na mara ya pili kwa sauti mbele ya watu wa karakana. Usikasirike, mura, kijana mwenzangu. Tulitahiriwa siku moja mimi na wewe, na ruhusa ya kukucheka ninayo mpaka kaburini.

Sasa sikiliza. Usitie mafuta, hata tone. Klachi ya pikipiki hiyo imeundwa ifanye kazi kavu. Ndani yake kuna sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, na zinashikana kwa sababu ya huo ukavu. Ukizipaka mafuta zitateleza, na mlima wa kwanza tu utashuka usukume. Kelele unayosikia si ugonjwa. Ukikamata mkono, sahani zinaachiana, kila moja inabaki legelege, na masikio yake yanagonga kingo za kikombe kinachozibeba. Ni kama watoto darasani mwalimu akitoka. Ukiachia mkono, mwalimu amerudi, zinatulia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni wewe mwenyewe. Ukisimama, toa gia, achia mkono. Nakujua, unaukamata tu muda wote kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Dawa ya pili, fungua kifuniko uzitoe hizo sahani uyatazame masikio yake. Bila shaka yamelika. Ninakutumia sahani mpya kwa lori la pamba, hizi zinabana vizuri. Kingo za kikombe zikiwa na makovu, zisawazishe kwa tupa, taratibu, usile chuma chote. Springi uzikaze zote sawasawa, maana moja ikilegea sahani inakaa upande. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Zile za zamani nirudishie, mimi huwa situpi kitu.

Ikikushinda, ilete. Lakini mtu anayejua kuunga mfupa uliovunjika hatashindwa na sahani. Umsalimie shemeji.

Simioni


Busawe.
27 Machi 1956

Simioni rika yangu,

Imenyamaza. Nilifanya kama ulivyosema, nikakaa nayo mchana kutwa uani huku kuku wakinizunguka, na sasa nikikamata mkono naisikia injini peke yake ikihema taratibu. Hata ndege nawasikia. Jumapili nimefika kanisani hakuna aliyegeuza shingo. Jana nilipita karibu na wanawake wanaopalilia, hawakuinua vichwa mpaka nilipowasalimu, wakashtuka wote. Jina la Debe litakufa lenyewe. Sahani za zamani nimempa dereva wa lori akuletee.

Habari nyingine ni kwamba Ghati amejifungua mtoto wa kike, salama. Jumamosi nakwenda Ringwani kumwona. Nitakuwa na adabu zangu zote, maana unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, sembuse kusemezana. Mpaka leo Mungu amenisaidia. Kila ninapokwenda kule, yule mama huwa amekwisha kujiondoa njiani kabla sijafika, sijui hujuaje.

Ahsante sana kwa kazi yako. Umenirudishia heshima yangu.

Joram


Ringwani.
9 Aprili 1956

Kwako Baba Mokami,

Ndiyo, sasa hilo ndilo jina lako. Mtoto ni mzima, ananyonya sana, na paji la uso ni lako halina ubishi. Jumamosi ile nilikungoja mpaka chakula kikapoa. Baadaye nimejua kwa nini hukufika, wala sikukasirika. Ila nataka nikueleze yote, maana huenda wewe hujui.

Siku ile mama alikwenda kuoga mtoni, pale kivukoni. Akateleza kwenye jiwe, mguu ukavunjika chini ya goti. Nguo zake zilikuwa ukingoni naye hakuweza kuzifikia. Alikaa kwenye maji baridi vile vile mpaka wanawake walipokwenda kuchota maji jioni. Tulimbeba kwenye ngozi ya ng'ombe huku anauma meno. Mzee anayefunga mifupa amekuja kumfunga, lakini mguu ulikuwa umevimba mno, na anasema angeuwahi ungenyooka. Sasa atachechemea.

Kesho yake watu waliona alama za matairi. Zimeteremka hadi karibu na maji, kisha zikageuka. Baba akaelewa mara moja. Amewaambia wazee kwamba mkwe wake alimwona mama mkwe mahali pa soni, akageuka, akarudi kwake na njaa yake bila kumwona hata mtoto wake mchanga. Amekusifu hivyo kila boma, mpaka vijana wa hapa wamechoka kutajiwa jina lako.

Mimi lakini nilikuwa na donge. Tulipobaki wawili nikamuuliza mama, je, alijua kwamba umeumia? Ulimwita? Kwanza aliniuliza kama mtoto amenyonya. Kisha akasema, "Nilimwita. Hakunisikia. Lile tukutuku lake na kelele zile, nani angesikia?" Basi moyo wangu ukatulia, maana kelele zile nazijua, zimenisumbua tangu nilipoolewa. Nakuambia kweli, Baba Mokami. Kama ungekuwa umemsikia mama yangu akilia ukamwacha, wewe unayefunga mifupa ya watu hata usiowajua, mimi na mtoto huyu tusingerudi Busawe. Nazishukuru kelele hizo.

Njoo umwone mtoto. Baba anakungoja na mbuzi. Mimi nitabaki kwanza nimsaidie mama mpaka aweze kusimama.

Mkeo,
Ghati


Busawe.
14 Aprili 1956

Simioni,

Natumaini hujambo. Nina ombi dogo. Zile sahani za zamani nilizokurudishia, nitumie tena. Nimefikiri nimeona kelele zile zilikuwa na faida yake. Watu wa huku wamezoea kunisikia kutoka mbali, sasa nawatokea ghafla wanashtuka, na wengine ni wazee. Hata kwa upande wa wakwe si vizuri. Siku ile ya Ringwani niliteremka kivukoni nikamwona mama mkwe kwa mbali anaoga, ikabidi nigeuze nirudi. Angenisikia mapema angejiondoa, na mimi ningemwona mwanangu.

Nitumie kwa lori la wiki hii, tafadhali. Nataka kwenda Ringwani na sitaki kwenda kabla hazijafika. Usiwasomee watu wa karakana barua hii.

Joram


Bomani, Tarime.
22 Aprili 1956

Joram,

Barua yako sikumsomea mtu. Nilipoipata nilicheka, nikasema huyu kweli ameoa, jana alitaka kimya, leo anataka debe lake. Nikazitafuta sahani zako nikazifunga kwenye gunia tayari kwa lori.

Kisha siku ya mnada akapita hapa Mzee Nyangwine, baba mkwe wako. Nilimpa shikamoo, nikampa kiti, akanywa chai. Hakuwa na habari nyingine ila wewe. Alinieleza mbele ya watu jinsi ulivyogeuka kivukoni kwa heshima. Watu wakatikisa vichwa kwa kukusifu, na mimi rika yako nikajiona mrefu. Halafu akaongeza kuhusu ule mguu. Akasema mama aliita sana maskini, ila wewe hukusikia kwa ajili ya kelele za pikipiki.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie, Mzee, pikipiki ile siku hizi haina kelele, mimi ndiye niliyeinyamazisha. Nikaufunga. Yeye akaendelea na chai yake.

Wewe uliniandikia kwa mkono wako kwamba hata ndege unawasikia. Na katika barua yako ya mwisho hukuniambia kwamba mama yule alivunjika mguu. Umesema tu alikuwa anaoga. Gunia la sahani liko hapa mlangoni, lori limeondoka bila hilo. Nakuuliza jambo moja na usinidanganye, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama alikuita au hakukuita?

Simioni


Busawe.
28 Aprili 1956

Simioni,

Aliniita.

Niliteremka ule mlima nimekamata mkono, injini ikihema tu. Alikuwa amenipa mgongo, ndani ya maji. Nikasimama, nikajua nimefanya vibaya, nikawa natafuta namna ya kurudi nyuma. Ndipo akageuka akaniona. Hakujificha. Akasema, "Mwanangu, mguu wangu." Hakupiga kelele hata, alisema kama mtu anavyosema na mwanawe ndani ya nyumba. Nikautazama. Maji ya pale ni maangavu. Sikuhitaji kuushika kujua umevunjika, ndiyo kazi yangu. Mkoba ulikuwa nyuma yangu kwenye kiti, na bendeji, na zile mbao za kufungia, na koti langu jeupe ambalo lingetosha kumfunika.

Nilijifunika uso kwa kofia, nikageuza.

Hapo juu kuna boma, wanawake walikuwa wanatwanga. Nikapunguza mwendo. Nilikuwa na neno mdomoni tayari, nendeni mtoni. Lakini nikafikiri, wataniuliza nimejuaje. Watajua nilichokiona. Dresa aliyemwona mama mkwe wake hana nguo, jina hilo nitalibeba mpaka lini? Nikajiambia watu hupita pale kila mara, atapata msaada. Nikawasalimu nikapita.

Usidhani niliogopa mila. Mila ningeweza kuijibu. Wazee wangeweza kuchinja mbuzi, wakanena maneno yao, mambo yakaisha. Mimi niliogopa kuchekwa. Ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu barua ya kwanza niliyokuandikia, na mwanamke amelemaa kwa ajili hiyo.

Sasa sichekwi. Habari zimefika mpaka hapa Busawe. Jumapili mchungaji amenitaja mimbarini, kwamba Waitara ni mfano wa kuwaheshimu wazazi. Watu wakageuka kunitazama wakitabasamu. Natamani wangeniita Debe.

Na yule mama amenifunika. Amewaambia kwamba sikusikia. Ghati anaamini, na ameniandikia wazi kwamba asingeamini hivyo asingerudi kwangu. Nikienda Ringwani na pikipiki iliyo kimya, atasikia mwenyewe kwamba hakuna kelele, atauliza tangu lini. Nisipokwenda, ataniuliza kwa nini siji. Nitumie sahani, Simioni. Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Joram


Bomani, Tarime.
6 Mei 1956

Joram,

Dereva atakukabidhi gunia. Zile ulizonazo zitoe, hizi zirudishe, na springi moja ilegeze kidogo, itasikika mpaka Ikoma.

Nilikaa na barua yako nikashindwa hata kuwaambia wenzangu kwa nini sili. Mimi si mchungaji na wewe si mtoto, sitakuhubiria. Nakuambia tu kwamba nimetengeneza vitu vingi ili vinyamaze, lakini hii ni mara ya kwanza natengeneza kitu kipige kelele ili kiseme uongo. Nimefanya kwa ajili ya mtoto Mokami. Mzee Nyangwine akipita tena hapa nitamwona nikiwa mbali, nami nitakwenda kujificha nyuma ya karakana. Umenipa aibu yako nami naibeba, lakini usinitwishe nyingine juu yake.

Simioni


Ringwani.
21 Mei 1956

Kwako Baba Mokami,

Tumefurahi ulivyokuja. Tulikusikia ukiwa bado mlimani, watoto wakakimbia kukulaki wakiiga kelele za pikipiki yako. Baba hakukuacha upumue, mara kaa hapa, mara kula hiki. Mtoto ulimshika vizuri ingawa ulinirudishia upesi, nikasema ni ugeni. Nyama hukuila. Baba akikusifu mbele ya wazee ulikuwa unatazama chini, na wazee wakazidi kukusifu kwa unyenyekevu. Halafu ukaondoka mapema, nami nilikuwa sijakuambia hata nusu ya niliyokuwa nayo.

Mama anaweza kusimama kwa fimbo. Mguu umepinda kwa ndani, hatua tatu anapumzika. Ulipokuja alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Alikuwa anasikiliza tu. Ulipokwisha kuondoka, akaningoja mpaka baba amekwenda kutazama ng'ombe, akaniita. Akasema nichukue kalamu nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze. Ndiyo haya.

"Mwambie mume wako, nimelisikia leo. Sasa lina kelele kama nilivyosema. Aliache hivyo hivyo."

Nilimuuliza, mama, kwani lilikuwa namna gani? Aligeukia ukutani akajifunika shuka.

Tangu siku hiyo nampakata mtoto huku nawaza. Nimekumbuka ulivyokuwa unatazama chini. Nimekumbuka ulivyonirudishia mtoto upesi. Sitaki kuwaza jambo baya juu yako, Baba Mokami, na mama hataki kusema zaidi, kila nikimuuliza anasema ana usingizi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Siku ile ya mtoni, lilikuwa namna gani?

Ghati


Busawe.
25 Mei 1956

Ghati,

Barua yako ilinikuta naandaa dawa, nikaisoma nimesimama. Nimekwisha andika majibu mengine nikayachana, maana yote yalikuwa na maneno mazuri.

Tafadhali msomee baba yako barua hii. Sitaki aendelee kunisifu mbele za watu halafu habari hii aje kuisikia kwa mwingine. Mchungaji nimemwambia leo asubuhi, na koti jeupe la zahanati nimelikunja nikaliweka juu ya meza yake, aamue mwenyewe. Simioni wa Bomani asilaumiwe, alinitumia nilichomwomba kwa sababu nilimlilia. Na mama usimuulize tena. Alilala kwenye maumivu yale akafikiri namna ya kukuachia mume, na mimi nikauchukua uongo wake nikaufungia kwa springi ili udumu.

Jumamosi nitakuja kwa miguu. Sitapanda nyumbani, nitangoja pale juu kwenye boma la wanawake waliokuwa wanatwanga, nao nitawaambia. Ukiteremka na mtoto, nitambeba mimi njia yote. Usipoteremka nitarudi, na sitasema kwa mtu yeyote kwamba umenionea.

Umeniuliza lilikuwa namna gani. Lilikuwa kimya, Ghati. Nililinyamazisha kabla ya siku ile kwa sababu watu walinicheka. Mama yako hakupiga kelele na hakuhitaji kupiga. Alisema, "Mwanangu, mguu wangu," nami nilikuwa karibu naye kuliko ulivyo wewe na mlango wa nyumba yenu. Nilimsikia.

Joram